Nakuja Sasa Hivi

Kazini wanamwita Kipaza, na jina limemkaa kiasi kwamba hata akiitwa hivyo sokoni anageuka bila kununa. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ambayo haikukusudiwa mwili ule. Anaongoza matembezi ya siku moja. Watu wa jiji kubwa wanapanda basi asubuhi, wanapelekwa kwenye miji midogo iliyojipanga kando ya maji, wanapigwa upepo, wanapiga picha, wanakula, na jioni wanarudishwa makwao pua zimebabuka kwa jua na roho zao kwatu. Yeye anasimama mbele karibu na dereva, maiki mkononi, akieleza hiki na kile. Akikohoa, kiti cha mwisho kinasikia.

Miji yenyewe ni miwili. Wa kwanza ni mji wa ngazi. Umejengwa juu ya mwamba, na kutoka maegesho ya magari hadi majini ni ngazi tupu za mawe, zinazopinda kila zinapopata upenyo, huku nyumba zimebanana pande zote na vyungu vya maua vimejazana madirishani. Wa pili ni mji wa mnara, wenye mnara mweupe wa kuongozea meli na gati refu la mbao. Watu hutembea hadi mwisho wa gati, wanatazama maji, wanarudi. Ukimuuliza Kipaza wanafuata nini kule mwisho, atakwambia, "Wanakwenda kuhakikisha kama kweli limeisha." Ameyasema maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara anacheka na abiria utadhani ameyatunga asubuhi ile ile.

Lakini si utani unaomvimbisha kichwa. Anachojivunia ni kwamba hajawahi kumwacha mtu. Wenzake wote wameshaacha. Mmoja alimwacha bwana harusi chooni, na bibi harusi mwenyewe hakugundua mpaka wamefika nusu ya njia. Kipaza hata mwavuli wa mtu hajaacha. Basi likitaka kuondoka, anapita katikati ya viti tangu mbele mpaka nyuma, anagusa mgongo wa kila kiti chenye mtu, midomo ikimcheza kimya kimya. Dereva hawashi injini mpaka asikie neno moja: "Wametimia."

Na wanaohesabiwa ni abiria. Dereva hahesabiwi, wala Kipaza hajihesabu mwenyewe. Watu wa basi ni watu wa basi, wanajijua. Hilo uliweke akilini, maana ndilo lililokuja kumtoa machozi.

Kipaza ana mama yake mzazi, mjane, aliyekuwa akiishi na kaka yake Kipaza kwenye mji wa bara, mbali na maji. Mwaka huo kaka akapata kazi nje ya nchi, akawa anahama na mke na watoto, na Mama hakutaka hata kusikia habari za kupanda ndege. Zikabaki njia mbili. Aende kwa mdogo wake, yaani mama mdogo wa Kipaza, mwenye nyumba kubwa, wajukuu tele na domo lisilopumzika. Au aje kwa Kipaza, kwenye nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, ambako Kipaza anaishi peke yake tangu ndoa yake ilipokwenda na maji. Kipaza alimtaka mama yake. Hakuna haja ya kuzungukazunguka hapa: alimtaka kama mtoto anavyomtaka mama yake, na umri wake haukupunguza chochote. Alikuwa ameshapaka rangi chumba cha pili na kununua kitanda kifupi, ili Mama asipande kulala kama anayepanda juu ya lori.

Mama akaja kukaa wiki moja. Kuonja, ndivyo alivyosema mwenyewe. Ijumaa jioni akatoa majibu ya kuonja kwake.

"Nyumba nzuri," alisema. "Ila haina mtu."

"Si mimi nipo, Mama?"

"Wewe? Unatoka giza, unarudi giza. Wiki nzima nimezungumza na friji. Afadhali yenyewe inanguruma kunijibu."

"Jamani, Mama!"

"Nakwambia ukweli. Maneno yako yote unayamalizia kwa watu wa basi. Ukifika hapa umebakiwa na 'Mama umekula' na 'Mama lala salama'. Sasa mimi nitaishi kwa hayo?"

Kipaza alicheka, lakini yalimchoma. Mama akasema mdogo wake atapiga simu Jumapili, na siku hiyo ndiyo atakayotoa jibu. Katikati ilibaki Jumamosi, siku ya matembezi. Kampuni huwaruhusu wafanyakazi kumchukua ndugu mmoja mara moja kwa mwaka, akae kwenye kile kiti cha kukunja cha mlangoni. Kipaza akaona hapo ndipo pa kuimaliza kesi. Mama atamwona kazini, ataona maji, ataona watu wanavyomsikiliza mwanawe, na jioni, wakiwa wamechoka ule uchovu mzuri, atasema ndiyo.

Asubuhi Mama alitokea na gauni la kijivu, kitambaa kichwani, na kikapu chenye sweta na karanga za kukaanga. Dereva wa basi ni mtu mpole, mwenye maneno machache kuliko kibao cha barabarani. Alimwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeendesha?"

"Ndiyo, Mama."

"Umelala vizuri? Hebu macho nione."

Dereva akamwinamia. Mama akayakagua macho yale moja baada ya jingine, akaridhika, akapanda. Abiria wa mbele walivunjika mbavu, na tangu hapo basi zima likamjua Mama.

Walipotoka nje ya jiji, Kipaza alishika maiki na kutoa tangazo lake la kila safari. "Kanuni ya basi hili ni moja tu. Ukipotea, usihangaike kututafuta. Kaa pale pale ulipotuona mara ya mwisho. Sisi ndio tutakaokuja." Mama alitikisa kichwa kukubali, kama vile ameambiwa yeye peke yake.

Kiti cha kukunja kilianza kumuuma nyonga kabla hawajafika mbali. Akahamia nyuma kabisa, kwenye kiti kilichokuwa wazi pembeni ya mzee mmoja mwenye kofia ya kijani, aliyesafiri bila mwenzake. Kipaza aliwaona kwenye kioo cha dereva wakigawana karanga na kubishana juu ya jambo fulani. Moyo wake ukatulia.

Mji wa ngazi ulikuwa katika siku zake nzuri. Jua halijawa kali, madirisha yako wazi, mtu anaosha vizingiti vya mlango kwa ndoo na maji yanateremka ngazi kwa ngazi pamoja na wageni. Walipofika chini, Mama alisimama kwenye ukingo wa mawe, mikono nyuma, akayatazama maji kwa muda mrefu. Kipaza akasubiri, maana alijua linakuja neno.

"Na yote haya," Mama alisema hatimaye, "yamekaa humo hayamwagiki."

Kipaza alitaka kumkumbatia pale pale, lakini abiria mmoja alikuwa anamvuta mkono akiuliza choo kiko wapi.

Wakati wa kupanda, Kipaza alimpitisha mama yake njia ya pembeni. Ngazi pana huwa zimejaa watu na jua; za pembeni ni nyembamba, lakini zina kivuli, na katikati pana mahali pa kupumulia, penye benchi la mawe mbele ya mlango wa buluu. Magoti ya Mama yalikuwa yameanza kulalamika. Wakiwa hapo, sauti ikasikika juu: mke na mume wanagombana, simu ya mke imepotea, mume anasema yeye si mlinzi wa simu, mke anasema yeye si mlinzi wa kitu chochote. Mtu akapiga kelele kumwita Kipaza.

"Mama, kaa hapa upumzike," alisema. "Nakuja sasa hivi."

Akapanda mbio. Ugomvi haukuwa mdogo. Mikoba ilimwagwa, mashahidi wakajitokeza, watu wakagawanyika pande mbili. Mwishowe simu ikaanza kulia ndani ya mfuko wa shati la mume, ambaye ndiye aliyeiweka huko mwenyewe wakati wa kupigana picha. Basi lilikuwa limechelewa. Dereva akapiga honi. Kipaza akawaswaga watu ndani, akapita katikati ya viti, akagusa migongo. Mzee wa kofia ya kijani alikuwa amesinzia. Pembeni yake kilikuwepo kikapu na sweta juu yake. Jicho liliona kikapu, na moyo ukamwambia Mama yupo. Hesabu ya abiria ilikuwa kamili.

"Wametimia," alisema. Dereva akawasha.

Barabara ya kwenda mji wa mnara inapita juu ya mwamba, maji chini, na hapo ndipo Kipaza huongea vizuri kuliko popote. Siku hiyo alijizidi. Kila neno alilirusha kiti cha nyuma. Alitia chumvi, alichekesha, aliiga sauti za manahodha. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaanza kujisema mwenyewe. Aliwaambia abiria kwamba sauti hii hakuipata shuleni. Aliipata utotoni, kwa kuitwa kutoka upande wa pili wa shamba na mwanamke asiyependa kurudia neno mara mbili.

"Na mwanamke huyo tunaye leo," alisema. "Yuko kiti cha nyuma kabisa. Mama, wapungie mkono watu wakuone!"

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna mkono uliopanda. Mzee wa kofia aliamka, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama?" alisema. "Mimi nilidhani amekaa mbele na wewe."

Dereva naye akasema, bila kugeuka, "Mimi nilijua yuko nyuma."

Kipaza alitoa simu, akapiga namba ya mama yake. Ikaita ndani ya kikapu. Maiki ilikuwa bado mkononi, haijazimwa, na basi zima likasikia pumzi zake. Akili yake ilirudi pale kwenye benchi, ikamwonyesha mgongo wake mwenyewe ukipanda ngazi. Kisha akasema, "Simamisha."

Dereva akasogeza basi pembeni. Kugeuza hakukuwezekana, barabara yenyewe ni nyembamba kama ukanda, na mbele abiria walikuwa wameshaandaliwa meza ya chakula. Kipaza alimkabidhi maiki.

"Wapeleke. Gati lipo, mnara upo. Mkirudi mtupitie."

"Niseme nini?"

"Sema chochote."

Dereva aliishika maiki kwa vidole viwili, kama ameshikishwa panya. Mzee wa kofia akamfuata Kipaza mpaka mlangoni na kile kikapu. "Mchukulie sweta lake," alisema. "Upepo umeanza." Basi likaondoka. Mwanamke ambaye hajawahi kuacha hata mwavuli akabaki kando ya barabara, baada ya kumwacha mama yake na sasa kuliacha basi zima.

Gari la kwanza kupita lilikuwa la kusambaza mikate. Akalisimamisha kwa mikono yote miwili.

"Unakimbilia nini, dada?" aliuliza mwenye gari.

"Nimemsahau mama yangu."

"Mama mzazi?"

"Mzazi."

Mwenye mikate hakuuliza tena. Alikanyaga mafuta, na kila kona trei zikapiga kelele nyuma. Kipaza alikumbatia kikapu. Alimwaza mama mdogo, ambaye habari hii akiipata ataisimulia mpaka kaburini. Aliliwaza lile friji. Lakini zaidi aliyawaza magoti ya Mama, na ngazi, na maji yasiyo na ukuta chini yake, na mtu wa bara asiyejua kuogelea akishuka kumtafuta mwanawe. Akajikaza kisabuni asilie ndani ya gari la watu.

Maegesho yalikuwa matupu. Akateremka ngazi pana mbio, akiwauliza watu. Muuza aiskrimu hakumwona. Mlinzi wa boti hakumwona. Alifika ukingoni, akayatazama yale maji anayoyasifia kila siku, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akayachukia. Alikuwa ameishiwa pumzi. Akaketi chini, na hapo ndipo alipojisikia mwenyewe, ile sauti yake ya kwenye maiki, ikitoa tangazo la asubuhi. Kaa pale pale ulipotuona mara ya mwisho. Alikuwa amekimbia mji mzima, isipokuwa zile ngazi za pembeni.

Mama alikuwa kwenye benchi. Mlango wa buluu ulikuwa wazi, na mtu wa nyumba ile alikuwa amemletea mto wa kukalia na glasi ya maji, iliyokuwa imeshakwisha. Alikuwa ameketi wima, kitambaa kichwani sawasawa, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Simu yao ilikuwa wapi?" aliuliza.

Sauti ya Kipaza, ile inayofika kiti cha mwisho, haikutoka. Alipiga magoti kwenye jiwe, akaweka kichwa mapajani kwa mama yake, akalia bila kujali nani anapita.

"Mfukoni mwa mume," alisema alipoweza.

"Nilijua."

"Mama, nilikuacha. Nilihesabu watu nikasema wametimia. Wewe sikukuhesabu."

"Nililiona basi. Lilipita pale juu, nikakuona umesimama, unaongea." "Nikacheka. Nikasema, huyu atashtuka hapo mbele atarudi. Sasa nikaona kimya. Nikaogopa, mwanangu. Niliogopa sana. Nikasema, basi hivi ndivyo nitakavyokaa kule ghorofani."

Kipaza aliishika mikono ya mama yake.

"Watu wa hapa ni wazuri," Mama aliendelea. "Walitaka kunipeleka polisi. Mwingine alitaka kunipandisha basi la kwenda jijini. Nikawaambia mimi sijapotea, mwanangu amesema anakuja sasa hivi. Wakaangaliana. Wakaona huyu bibi kachanganyikiwa. Lakini mimi nilikuwa na akili zangu. Nilisema, nikiondoka hapa sitajua kama angerudi. Nikikaa nitajua."

Alimshika mwanawe kidevu, akamwinua uso, akamfuta kwa ncha ya kitambaa chake kama alivyokuwa akimfuta zamani, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachungulia nyuma yake.

"Na abiria wako?"

"Wako na dereva."

"Umewaacha?"

"Nimewaacha."

"Wote?"

"Wote, Mama."

Mama akanyoosha mkono kwenye kikapu, akatoa sweta, akalivaa.

Mchana wote walikuwa wawili. Walishuka polepole hadi majini, wakanunua mkate na vinywaji baridi, wakakaa kwenye ukingo wa mawe. Kipaza hakueleza historia ya kitu chochote. Walimsema mama mdogo, wakamsema yule mume wa zamani, na Mama alimwambia mambo ya baba yake ambayo hakuwahi kuyajua. Palipokuwa na kimya, kilikaa vizuri. Kipaza alijikuta anaongea kwa sauti ndogo, sauti ya ndani ya nyumba, na akagundua kwamba bado anayo.

Basi lilirudi jioni na kupiga honi ndefu. Abiria walimpigia Mama makofi. Mzee wa kofia alimwamuru Kipaza asimguse mtu huyu tena, yeye mwenyewe atamlinda. Kipaza aliuliza dereva aliongozaje watu, na mke wa ile simu ndiye aliyejibu: tulipofika, alisema, bwana huyu alishika maiki akatuambia, "Lile ni gati. Yale ni maji." Halafu akazima. Walicheka njia nzima na wanasema yalikuwa maelezo bora waliyowahi kupewa.

Kipaza alipita katikati ya viti akigusa migongo. Alipofika nyuma kabisa, aliweka mkono begani kwa mama yake na kuuacha hapo kidogo.

"Wametimia," alisema. "Na Mama yupo."

"Nipo," Mama akajibu, kwa sauti iliyofika hadi kwa dereva.

Jumapili simu ikapigwa. Habari, kama ilivyotarajiwa, zilikuwa zimeshafika. Kipaza alimdokezea kaka yake kidogo tu usiku ule, naye akammwagia mama mdogo zote. Kipaza alikuwa jikoni anaosha vyombo, na bomba alikuwa amelifunga ili asikie.

"Unataka kukaa kwa huyo aliyekutupa njiani?" mama mdogo alipayuka, na simu haikuhitaji kuwekwa sauti ya juu.

"Huyo huyo," Mama alisema. "Kwako nyumba imejaa, mdogo wangu. Nikikosekana hapo, itapita siku nzima mkidhani niko chumba kingine."

Alikata simu, akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa na masharti. Alhamisi hakuna basi, wampe mtu mwingine. Jioni maneno yabakizwe, hata kama ni ya umbea. Na kile kitanda ni kifupi mno, anahisi analala sakafuni. Kipaza alikubali yote huku mikono yake inadondosha povu.

Jumatatu alitoka alfajiri kama kawaida, viatu mkononi ili asimwamshe. Alipofika mlangoni alisita. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini, akayameza, akayaonea aibu.

"Mama," alisema taratibu kuelekea chumba cha pili. "Nimeondoka. Nitarudi jioni."

Kitanda kikalia. Sauti ya Mama ikatoka gizani, nzito kwa usingizi.

"Sema nakuja sasa hivi," alisema. "Hiyo ndiyo ninayoiamini."